Nani Ashike Ufunguo wa Maji ya Lusanje?

Sogeeni. Wewe uliyekaa pale mlangoni, ingia au toka, usinikalie nusunusu. Hadithi yangu ya leo haina fisi wala sungura. Ina watu tu, na kwa nijuavyo mimi, watu ndio wa kuchungwa. Nitawaeleza kila mmoja alifanya nini, jema lake na baya lake, na msinitazame usoni kutafuta nampendelea nani. Sisemi. Nikifika mwisho nitawauliza nyinyi, mgombane wenyewe.

Kulikuwa na bonde la mpunga liitwalo Lusanje. Maji yake yalitoka mtoni kwa mfereji mmoja mkubwa wenye malango matatu ya chuma: Lango la Kichwani, kule karibu na mto, Lango la Katikati, na Lango la Mkiani, kule mwisho kabisa, ambako maji hufika yakiwa yamechoka. Zamani malango hayo yalifunguliwa kwa mkono na mtu mmoja, na kila msimu mtu huyo aliitwa mwizi. Wakimtoa, akija mwingine, naye mwizi. Mwishowe wakachoka kubadilisha wezi. Wakafunga mitambo ya kufungua malango yenyewe, wakatengenezewa programu ya kompyuta: zamu ya nani imefika, lango gani lifunguke, maji kiasi gani yapite. Programu haina shangazi wala shemeji, walisema. Itagawa haki.

Lakini programu haijiandiki. Kuna mtu ameketi mahali anaiandika, na mtu huyo shangazi anaye, shemeji anaye. Watu wa Lusanje si wajinga, hilo waliliona mapema. Wakaweka sharti. Yeyote atakayeigusa programu, hata akiigusa kwa ukucha, aandike ujumbe: nimebadilisha nini, na kwa sababu gani. Ujumbe huo ukae pamoja na badiliko lenyewe, na jina la mwandishi na tarehe yake, na usifutike. Tena uonekane kwenye ukurasa wa mtandao, ili mwenye simu asome akiwa shambani kwake. Sharti zuri. Mimi mwenyewe nilipolisikia nilisema, hawa wamejua kujilinda.

Walioajiriwa kwa kazi hiyo walikuwa wawili. Wa tatu hakuajiriwa na mtu, alijiajiri mwenyewe.

Wa kwanza aliitwa Gwantwa. Alitoka mji mwingine, hakuwa na jaruba la mpunga wala ndugu bondeni, na ndiyo sababu walimchukua. Kazi yake ilikuwa kuandika na kurekebisha programu yenyewe, na kipaji chake kilikuwa kusema alichokifanya. Waandishi wengi wa programu huandika "nimerekebisha kidogo", wakaenda kunywa chai. Gwantwa hakuweza hivyo. Angeeleza alichogusa, kilikuwaje, sasa kikoje, nani aliomba, na kama hakupendezwa nacho angesema hivyo hivyo. Mkono wake ulikataa kuandika uongo. Sikusema mdomo wake, nimesema mkono.

Wa pili aliitwa Ambwene, mwenyeji wa pale pale, ameoa mpwa wa Kyando, mwenyekiti wa ushirika wa maji. Yeye ndiye aliyetengeneza ukurasa, na kipaji chake kilikuwa kuonyesha. Maana ujumbe wa mabadiliko ukiutoa kwenye kompyuta ulivyo, unatisha: namba ndefu isiyosomeka, herufi zimebanana, saa za nchi nyingine. Ambwene akauvalisha nguo. Palipoandikwa lango namba tatu, ukurasa ulisoma Lango la Mkiani. Saa akazirudisha zikawa saa zetu, asubuhi yetu ya saa mbili ikasomeka saa mbili. Ujumbe uliogusa maji ulikuja na ukingo mwekundu, uliogusa mambo mengine ukaja na ukingo wa kijani. Mstari wa kwanza ulikaa juu kwa maandishi makubwa, na maelezo yaliyobaki yalikunjwa chini yake, ukigusa yanafunguka. Hata mtu ambaye hajawahi kuishika kompyuta alisoma akaelewa.

Wa tatu aliitwa Tumpale, mama mkulima wa Mkiani. Kipaji chake kilikuwa kutoamini. Ukimwambia kumekucha, atatoka nje kwanza ahakikishe. Kila asubuhi, kabla hajapuliza moto, aliufungua ukurasa wa Ambwene akausoma wote, akatafuta ukingo mwekundu. Majirani walimcheka. Yeye aliwaambia anasoma kwa niaba yao, kwa kuwa wao wanalala.

Na alikuwa na sababu ya kuwa macho. Lusanje kulikuwa na sheria kali: jaruba lisilotoa mavuno misimu miwili mfululizo hunyang'anywa, akapewa mwingine aliyeomba. Msimu uliopita mafuriko yalikuwa yamelaza mpunga wote wa Mkiani, watu wakavuna matope. Kwa hiyo msimu huu ulikuwa wa mwisho kwao. Tumpale alikuwa na jaruba hilo hilo moja, na ndani ya nyumba yake kulikuwa na watoto na mama yake mzazi aliyepooza. Jaruba likienda, na wao wanakwenda wasikokujua.

Sasa shikeni hapa, maana hapa ndipo penye mkorogo.

Mwanzoni ukurasa ulionyesha kila kitu. Kila kitu kweli. Gwantwa akisogeza mstari, ujumbe. Akibadilisha mpangilio wa maandishi, ujumbe. Simu za wakulima zililia kutwa. Halafu siku moja Gwantwa akaandika, "Usafi: nimefuta majina yasiyotumika." Majina yenyewe ni ya ndani ya programu, vitu vya kompyuta, wala si ya watu. Mzee mmoja wa Katikati akasoma, akaelewa anavyoelewa, akapiga kelele kwamba majina ya wakulima yanafutwa. Kabla ya adhuhuri ofisi ya ushirika ilizungukwa na watu wenye majembe mabegani, kila mmoja anataka kuona jina lake liko. Gwantwa alijifungia chooni mpaka walipotulizwa.

Ukaitishwa mkutano. Ikasemwa kwamba ujumbe unaoanza na neno "Usafi" ni wa kufagia-fagia tu, hauhusu maji, hauna haja ya kuwatia watu wazimu. Ukurasa uuache, usiuonyeshe. Nani alitoa wazo hilo kwanza? Wengine wanasema ni Kyando. Wengine wanaapa ni Ambwene, alikuwa amechoka kupigiwa simu. Mimi sikuwepo, na waliokuwepo kila mmoja ana kumbukumbu yake. Ninachojua ni kwamba mikono yote ilinyooshwa, na wa Tumpale ulikuwemo. Ambwene akaweka pazia siku ile ile. Tangu hapo ukurasa ukawa mtulivu, unasomeka, unapendeza.

Mpunga ukakua. Ulipoanza kubeba mimba, wakati ambao ukiukosesha maji unatoa mapepe matupu, maji ya Mkiani yakapungua.

Hayakukatika. Yangekatika watu wangepiga yowe mara moja. Yalipungua tu, zamu ikija jaruba halijai, tope linaanza kupasuka pembeni. Tumpale akafungua ukurasa. Hakuna ukingo mwekundu. Akarudi nyuma siku zote alizoweza kurudi. Hakuna. Akautembea mfereji kuanzia Mkiani mpaka Katikati akitafuta pengo, hakuona pengo. Watu wakaenda kwa mwenyekiti. Kyando akawapokea vizuri, akawapa viti, akawaambia bila kupepesa macho kwamba ukurasa wanausoma wenyewe, lango halijaguswa na mtu. Kama maji yanapotea, basi mwizi wao wanaye huko huko kwao.

Neno hilo likatosha. Watu wa Mkiani, waliokuwa wakiazimana chumvi, wakaanza kuchunguzana. Mtu akichota ndoo ya kuoshea vyombo anatazamwa. Salamu zikawa fupi. Mwanamume akichelewa kurudi nyumbani, mkewe anaulizwa na majirani alikuwa wapi. Kila mmoja alilala jicho moja wazi, na asubuhi wote walikuwa wamechoka na wote wanashukiwa.

Na ni Tumpale huyo huyo aliyemwona Lugano.

Lugano alikuwa jirani yake wa mpaka mmoja, mtu mpole, asiye na maneno. Tumpale aliona nyuma ya nyumba ya jirani huyo mpira mrefu wa maji umelowa. Hakuuliza mara mbili. Alikwenda mkutanoni akasema amemwona mwizi. Lugano akaeleza kwamba ule ni mpira wa kunyweshea nyanya za mkewe, na maji ni ya kisima chake. Nani amsikilize, watu wenye uchungu wamepata mtu wa kumwekea uchungu wao? Wakapiga kura, wakaifuta zamu yake mpaka mavuno. Na pale mezani, pembeni ya mwenyekiti, walikuwepo Gwantwa na Ambwene. Waliitwa kuuonyesha ukurasa ukutani, wakauonyesha, ukiwa safi. Hakuna aliyefungua mdomo. Mpunga wa Lugano ukakauka mbele ya macho yake.

Maji yakarudi? Hayakurudi. Yalizidi kupungua.

Hapo Tumpale akaanza kupiga hesabu. Alikaa kwenye tuta la jaruba lake akalitazama la Lugano, kavu, manjano, akajiambia kwamba kama mwizi amefungiwa maji na wizi unaendelea, basi yeye Tumpale amemuua mtu bure. Alilia, naambiwa. Halafu akajifuta, akaenda ofisini.

Sasa nawaambia walichofanya watatu hawa, mmoja mmoja. Sikilizeni vizuri, kwa sababu mtaulizwa.

Tumpale alifanya hivi. Aliingia ofisini mchana kweupe, akampita Gwantwa aliyekuwa ameinamia kompyuta yake, akasimama mbele ya Ambwene.

"Ukurasa wako ni msafi sana, Ambwene," akamwambia. "Nimemwangamiza jirani yangu kwa kuuamini. Nionyeshe ulichofunika."

"Mama, kilichofunikwa ni vitu vya kufagia tu. Nyinyi wenyewe mlinyoosha mikono."

"Nilinyoosha, ndiyo. Sasa naushusha. Sitoki hapa."

Akatandika kanga yake kwenye kizingiti akaketi. Kyando akaja, akamwita mchochezi, akamwambia akiendelea zamu yake itafutwa kama ya mwenzake. Fikirini, mwanamke huyo jaruba lake lilikuwa na maji ya kufunika kisigino tu, na ndiyo yote aliyokuwa nayo duniani, na anaambiwa yatakatwa. Hakuinuka. Kesho yake watu wa Mkiani wakaja kuketi naye. Si kwamba walimwamini. Walishuku kwamba anajitafutia maji yake peke yake kwa mwenyekiti, wakaja kumlinda asiwazunguke. Vyovyote vile, kizingiti kilijaa.

Ambwene alifanya hivi. Kyando alimwita kando, akamkumbusha kwamba yeye ni mjomba wa mkewe, kwamba ukurasa ni mali ya ushirika, na kwamba siku atakapougusa ahesabu hana kazi wala ukoo. Ambwene akaitikia, ndiyo baba. Akarudi kwenye kiti chake akatulia, na waliokuwa kizingitini wakaona basi, kijana ameshanunuliwa. Lakini alisubiri siku ya gulio, ambapo bonde lote liko mahali pamoja na kila mtu ana simu mkononi, akaliondoa pazia. Akaufanya ukurasa uonyeshe kila ujumbe, wa kufagia na usio wa kufagia, na yale maelezo yaliyokuwa yamekunjwa akayakunjua yote, mtu asilazimike hata kugusa. Na kwa kuwa naye alikuwa amebadilisha kitu, ilimpasa aandike ujumbe wake. Aliandika, "Nimeondoa pazia. Nililiweka mimi. Someni." Jioni hiyo mkewe alifunga nguo zake akaenda kwa mjomba wake, na mpaka hadithi hii inanifikia alikuwa hajarudi.

Gwantwa alifanya hivi, na alikuwa amekifanya kabla ya wote. Gulioni simu zililia kwa pamoja. Wauza maharage wakaacha vibaba, wanunuzi wakaacha kupatana bei. Watu wakawa wanapitisha vidole juu ya mambo ya usafi, mstari umesogezwa, jina limebadilishwa, upuuzi mtupu, mpaka mwanamke mmoja muuza dagaa akasimama juu ya kiroba akaanza kusoma kwa sauti. Mstari wa juu ulisema, "Usafi: kupanga upya vipimo vya malango." Ungeishia hapo, nani angejua? Lakini haukuishia hapo. Chini yake paliandikwa hivi:

"Badiliko hili si usafi. Linapunguza maji ya Lango la Mkiani, kisha litaendelea kuyapunguza kidogo kidogo hadi mavuno. Limeagizwa na mwenyekiti Kyando kwa mdomo, akasema nilianzishe kwa neno Usafi. Nimemwambia mpunga utakufa. Akasema anajua. Sikubaliani nalo. Nimelifanya mimi, Gwantwa."

 Muuza dagaa akalisoma tena, maana alidhani amekosea.

Mengine mnaweza kuyakisia. Watu walikwenda ofisini, na safari hii majembe hayakuletwa kwa kutishia. Kyando akasema ilikuwa majaribio, akasema kompyuta hazieleweki, akasema mengi. Ikajulikana kwamba wanawe walikwisha kuomba majaruba ya Mkiani, yale yatakayonyang'anywa. Akatolewa uenyekitini, akaondoka bondeni kabla hajatolewa kwa njia nyingine. Badiliko likageuzwa, lango likafunguka, maji yakashuka Mkiani yakiwa mengi mpaka watoto wakaogelea. Mpunga ulikuwa umebakiza pumzi chache, ukapona. Tumpale akavuna. Mkiani yote ikavuna, isipokuwa jaruba la Lugano. Walimwomba radhi, wakamwachia jaruba lake licha ya ile sheria ya misimu miwili, lakini jaruba haliliwi. Mwaka ule watoto wa Lugano walikula kwa majirani, wakipokea sahani kutoka kwa mikono ile ile iliyopiga kura.

Baada ya mavuno bonde likakaa kuamua jambo moja. Walikuwa wamejifunza kwamba haitoshi badiliko kuandikwa, wala haitoshi kuonyeshwa. Lazima awepo mtu mmoja mwenye ufunguo, neno la siri la programu, ili badiliko lolote lisiingie mpaka yeye aseme liingie. Kwa nini mmoja? Wakipewa watatu, kila mmoja atasema alidhani mwenzake amekagua. Ufunguo huo ungekuwa zawadi, kwa kuwa Lusanje hakuna heshima iliyo juu ya kuaminiwa maji. Na wote walikubali kwamba anayestahili ni mmoja wa wale watatu. Mmojawapo angekosekana, Mkiani ingekufa. Yupi sasa?

Wakaanza kutupiana maneno.

Waliomtaka Gwantwa walisema: bila maneno yake pazia lingefunguliwa pakaonekana ukuta. Mtu aliandika ushahidi dhidi yake mwenyewe, akatia jina lake, mahali pasipofutika. Utampata wapi mwingine? Wengine wakasema, hebu tulieni. Nani alilifunga lango? Si yeye? Tena aliandika ukweli mahali alipojua hausomwi, kama mtu anayeungama ndani ya mtungi. Na alikaa mezani Lugano akihukumiwa, na ulimi wake ukiwa mzima kinywani. Gwantwa alipoulizwa alisema aliogopa, na kwamba kila siku alitumaini kuna atakayefungua asome. Hakujitetea zaidi ya hapo.

Waliomtaka Ambwene walisema: yeye peke yake alikuwa na cha kupoteza na kweli alikipoteza. Kazi alitishiwa, mke ameondoka, ukweni hakanyagi. Wengine wakauliza jambo ambalo hata mimi limenikaa kooni. Pazia lilikuwa la kuwafunika wakulima, wala halikumfunika aliyelishona. Yeye aliweza kuusoma ujumbe ule siku yoyote. Je, hakuusoma? Ambwene akaapa kwamba hakuwahi, kwamba alikuwa akitazama ukurasa unavyopendeza na si unachosema. Inawezekana. Inawezekana pia kwamba aliusoma, akaukalia, akaja kuuachia alipoona kizingiti kimejaa na upepo umegeuka. Sikuwa ndani ya macho yake.

Waliomtaka Tumpale walisema: mwandishi alinyamaza, mwonyeshaji alinyamaza, ni yeye aliyeuliza. Asingeketi pale kizingitini, mpaka leo tungekuwa tunachungulia ndoo za majirani. Na mtu asiyeamini ndiye mlinzi mzuri, huyu halali. Wengine wakasema, ndiyo, halali, na wala hamwachi mtu alale. Aliketi kwa ajili ya jaruba lake. Maji yangepungua Kichwani angeketi? Na shaka yake ndiyo iliyomkausha Lugano. Mkimpa ufunguo, mwakani mpira wa nani utakutwa umelowa?

Wakagombana mpaka sauti zikakauka. Mwisho mtu akasema aamue Lugano. Yeye ndiye pekee bondeni asiyeshukiwa tena na mtu. Ukaandikwa ufunguo kwenye karatasi, ikakunjwa, akawekewa mkononi. Alisimama. Hakuwa amezoea kusimama mbele za watu.

"Ndugu zangu," akasema, "huyu aliyafunga maji yangu, akaandika. Huyu akayafunika maandishi. Huyu akanitia mikononi mwenu. Na hawa hawa wamewarudishia maji. Mnaniambia nimpe mmoja. Nimpe kwa kuwa aliwaokoa nyinyi, au nimnyime kwa kuwa aliniua mimi?"

 Nyuma kabisa mtu akasema, baki nao mwenyewe, Lugano, uwe wako. Wengine wakaitikia, ndiyo, abaki nao. Ilionekana mambo yameisha, watu wakaanza hata kukung'uta nguo zao waondoke. Tumpale akanyoosha mkono. 

"Mtu tuliyemkausha, watoto wake wanakula makombo yetu tangu mavuno, leo tumkabidhi maji yetu yote? Nisamehe, jirani. Siwezi kutoliuliza."

Lugano akamgeukia.

"Uliza tu, mama," akamwambia. "Hata mimi najiuliza hilo."

Basi. Amesimama pale na karatasi mkononi, bonde lote linamtazama mkono, na mpunga mpya umeshatiwa kwenye kitalu. Mimi nimemaliza yangu. Gwantwa aliyeandika, Ambwene aliyeonyesha, Tumpale aliyeuliza, au Lugano aliyelipia: wewe, jaruba lako lingekuwa Mkiani, ungempa nani ufunguo? Na ukishampa, niambie ukweli, ungelala?